Docta Aliyeulizia Miguu

Kosa langu la kwanza mbele ya Docta lilikuwa kumpelekea mama yangu katika kurasa kumi na moja. Nilikuwa nimeziandika kwa Kiingereza, nikazigeuza Kiswahili, kisha nikazinakili upya kwenye kaye mpya, yaani daftari, kwa sababu katika nakala ya kwanza nilikuwa nimekata neno moja na alama ilionekana. Niliingia chumbani kwake mama akiwa nyuma yangu, nikakaa kwenye kiti pekee kilichokuwemo, nikaanza kusoma. Nilisoma tulivyotoka kwetu Fizi, tulivyovuka ziwa, mdogo wangu wa kike alivyofariki kwa homa upande wa Tanzania na kuzikwa karibu na kituo cha wakimbizi huko, tulivyofika Malawi na kuletwa hapa kambi ya Dzaleka. Kila tarehe ilikuwa mahali pake.

Docta, aliyemwita kila mwanamume papa, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umesoma muzuri, papa. Sasa mama yako iko wapi?"

"Si huyu hapa, Mama Docta."

"Huyu nimemuona. Nauliza ndani ya kaye iko ukurasa gani."

Sikumwelewa, na niliona aibu, kwa sababu kazi ile ilikuwa nzuri. Sisi wa kambini tunajua chumba cha aina moja tu ambamo mgeni anakuuliza habari za vita, nacho ni chumba cha mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine. Humo maneno yako yakipishana na yaliyomo kwenye faili, unabaki. Kwa hiyo tunayajua maisha yetu kwa kichwa, kama mwanafunzi anavyojua jedwali la kuzidisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia majirani maelezo yao. Kiingereza nilijifunza peke yangu, kwa simu na kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua, na watu walisema, "Mupelekee yule mwana, atakupangia." Niliwapangia. Sikuwahi kusikia kwamba maelezo niliyopanga yamekutwa na kasoro. Nilidhani Docta naye alitaka faili.

Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mchambuzi wa nafsi, kazi aliyoisomea Ulaya, na alizungumza Kiswahili cha Bukavu. Aliishi Lilongwe, mtaa wa Nsungwi, na alikuja kambini kila Jumanne na Alhamisi kwa mradi uliokuwa umempatia chumba nyuma ya kanisa moja la matofali. Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba wapo wachambuzi wanaoamini kiwewe hakikai katika hadithi bali katika mwili, na kwamba kikipona, kinapona kati ya watu wawili. Yeye hakunieleza hivyo hata mara moja. Yeye aliulizia miguu.

"Miguu yako iko wapi sasa hivi?" Ndilo swali lake la kwanza kwa kila mtu. Mtu angejibu, "Si iko hapa chini," naye angesema, "Iguse chini basi, nione kama iko." Ukiangalia unakuta kweli miguu ya mtu yule haijagusa sakafu. Vidole vimekunjwa, kisigino kiko hewani, mtu amekaa lakini tayari anakimbia. Kambini walimcheka sana. Vijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walipompita barabarani walipiga kelele: "Mama Docta! Miguu yangu imebaki Burundi, unitafutie!" Naye alijibu bila kugeuka, "Nitaitafuta, lakini yangu pia haionekanake."

Chumbani mwake hapakuwa na meza wala karatasi. Palikuwa na mkeka, mito miwili iliyojazwa vitambaa vya mafundi cherehani, na kile kiti, ambacho kilikuwa cha wazee wasioweza kukaa chini. Nilikikalia mimi, kijana wa miaka ishirini na mitano. Hakukaa akitazamana na mtu. Alikaa pembeni, bega usawa wa bega, na alimwacha mgonjwa achague upande wa kuona mlango. "Macho kwa macho ni kazi ya polisi," alisema.

Kitu cha pili alichojulikana nacho ni kusema mwili wake mwenyewe. Alipokuwa amekaa na mtu, ghafla angeshika tumbo: "Hapa pamefunga. Ni yangu ao ni yako?" Aliuliza kweli, kama mtu aliyeokota kitambaa njiani anayetafuta mwenyewe. Wakati mwingine mtu alisema, "Ni yangu, Mama." Wakati mwingine alisema, "Hapana, mi niko muzuri," naye alikubali. "Bon. Basi ni yangu, nitaenda nayo nyumbani."

Kijana mmoja Mrundi wa kabaza, mcheshi kuliko wote, aliingia kwake kwa sababu mikono ilikuwa ikimtetemeka kwenye mteremko mpaka akaangusha abiria. Alimwambia Docta vichekesho saa nzima. Docta akapiga miayo, akapiga tena, akalala. Alipoamka alimkuta kijana bado amekaa, ametulia kabisa, haongei. "Umenilaza," Docta akamwambia. "Nyumbani ulikuwa unalaza nani, ili asikupige?"

Yule kijana alitoka nje akasimulia kambi nzima: "Sha, Docta gani ule? Analala kwa kazi! Mi najua kulala bure, mbona nimufate?" Tulicheka tukashika mbavu. Jumanne iliyofuata alirudi, na nyingine, na nyingine. Siku moja aliniambia, bila kucheka, kwamba baba yake alikuwa akirudi amelewa, na yeye alikuwa akimsimulia mpaka alale. "Ule mama alijuaje?" aliniuliza. "Mi sikumuambia. Nilimulaza tu."

Mchungaji wa kanisa lile hakumpenda. Alisikia kwamba mle ndani watu wanapumua kwa sauti, akashuku mambo ya mapepo. Akamsimamisha mlangoni. "Mama Docta, mule ndani munaomba nani?"

"Tunaomba mabega ishuke, pasta. Na yako iko juu sana."

Mchungaji aliondoka kwa hasira, mabega yake yakiwa karibu na masikio. Sisi tuliokuwa nje tuliona, na tangu hapo Jumapili nilishindwa kusikiliza mahubiri, nikawa natazama mabega.

Lakini nisimpambe. Alikuwa mtu mgumu. Watu waliokuja kufundisha semina walipomletea picha za nyuso zilizochorwa, ya kucheka mpaka ya kulia, ili wagonjwa waonyeshe kwa kidole huzuni yao imefika wapi, alizitumia kupepea moto wa chai mbele yao. Alikula amesimama, haraka, kama mtu atakayenyang'anywa. Alikataa kuandikia mtu barua yoyote. "Nikiandika moja, kesho kambi yote italeta ugonjwa ya barua, na ile ya kweli itajificha." Wengi walimwacha kwa hilo. Sisi tunaishi kwa barua.

Na hakutaka kuguswa. Mwanamke aliyeweka mkono wake mgongoni mwa watu kwa nusu saa bila kusema neno, alipoletewa mkono wa salamu alishika kifua chake na kuinamisha kichwa. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Siku ya mvua aliteleza matopeni, nikamshika kiwiko asianguke. Alipiga ukelele, "Wacha!" mpaka watu wakageuka. Nilibaki nimeinua mikono kama mwizi. Alisimama, akapumua, akasema polepole, "Pole, papa. Hiyo ilikuwa yangu." Hatukuizungumzia tena. Mtu aliyewasomea wengine miili yao alitembea na goti lile miaka yote bila kulipeleka hospitali.

Sasa nimfikie mama.

Mama yangu husimama kama mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Anainama kidogo, mkono wa kushoto uko nyuma, kiganja kimeelekea juu kama kinachoshikilia makalio ya mtoto, na anayumba, kushoto, kulia, kushoto. Hakuna mtoto. Haegemei ukuta. Halali chali. Kwenye foleni ya maji wanawake humwambia, "Mama, mutoto ameshalala, pumuzika!" na wengine hucheka, na yeye hutabasamu kama mtu aliyesifiwa mtoto wake. Nilipokuwa mdogo nilidhani akina mama wote husimama hivyo. Nilipokua niliona aibu. Kisha jina letu likaitwa kwenye mahojiano, baada ya miaka mingi ya kungoja, na aibu ikageuka hofu. Niliwaza ofisa atakavyomwona akiyumba mbele ya meza na kuandika kwamba mama huyu hana akili timamu. Kwa hiyo ukweli ni huu, sikumpeleka kwa Docta apone. Nilimpeleka aache kuyumba kabla ya tarehe.

Siku ile ya kurasa kumi na moja Docta alimwonyesha mama mkeka. Mama hakukaa. Nikamwambia, "Mama, kaa." Docta akasema, "Mutu mwenye kubeba hakaake ovyo." Akainuka, goti likalia, akasimama pembeni ya mama. Akaanza kuyumba naye.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimemleta mtu atengenezwe, na sasa walikuwa wawili.

Walisimama hivyo wiki baada ya wiki. Docta alikuwa akimfuata, mama akienda kushoto naye kushoto, mama akipumua naye anapumua. Mara chache alisema kitu. "Mabega yangu imechoka. Ni yangu ao ni yako?" Mama aliendelea kuyumba. Wiki nyingine: "Nasikia joto hapa kwa mugongo." Mama akayumba. Mimi kwenye kiti nilikuwa nahesabu siku zilizobaki.

Halafu Alhamisi moja Docta aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani kisimani, "Iko muzito?"

Mama akajibu, "Hapana. Alipunguka."

Lilikuwa neno la kwanza nililomsikia akisema juu ya mdogo wangu tangu tulipoandikishwa kuingia nchi hii. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilisema, "Mama, kumbuka, alizikwa Tanzania. Kwa kituo. Alikuwa na homa."

Mama aliacha kuyumba, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka jina langu. Docta hakupandisha sauti. Alisema, "Toka."

"Mama Docta, nilikuwa namusaidia tu—"

"Toka, papa. Utamungoja inje."

Tangu siku hiyo sikuingia tena. Niliketi nje kwenye matofali, nikisikia mara kimya, mara sauti ya mama, ndefu, isiyo na mapumziko, ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Sikujua anasema nini. Niliona matokeo tu. Siku moja nilimkuta mama amekaa chini anachambua maharage, mikono yote miwili iko mbele. Siku nyingine aliegemea ukuta wakati wa kula, akashtuka, akaegemea tena. Majirani walisema, "Mama yako amenona." Nilishukuru. Nilidhani tumefaulu, na nikaacha kumkumbusha yaliyomo kwenye kaye, kwa sababu nilijua anayajua.

Siku ya mahojiano alikuwa hayumbi. Alikaa kwenye kiti, miguu yote miwili imegusa chini. Ofisa alikuwa mpole, alituuliza kama tunataka maji. Alifuata karatasi zetu ukurasa kwa ukurasa, mkalimani akigeuza, na mama alijibu vizuri mpaka walipofika kwa mtoto. Ofisa akauliza alizikwa wapi.

Mama akasema, "Hajazikwa."

Mkalimani akamwangalia, akarudia swali. Mama akasema, "Alikufa kwa mugongo yangu, mbele ya kufika kwa ziwa, hatujavuka. Nilimubeba siku mbili. Benye mutumbwi balikatala kumupakiza maiti. Nilimuacha kwa mchanga, nilimufunika na kitenge. Hakuna mwenye alimuzika."

Mimi nilifungua mdomo. Nilisema, kwa Kiingereza, kwamba mama yangu anachanganyikiwa, kwamba ni mgonjwa, kwamba anatibiwa. Hilo ndilo nililosema. Mama hakuelewa maneno, lakini alielewa sauti, nikaona mkono wake wa kushoto unarudi nyuma taratibu.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Maelezo hayalingani, kesi imesimamishwa. Siwalaumu. Hata mimi ningesoma faili lile, ningeandika hivyo hivyo. Nilimlaumu Docta. Nilimkataza mama kwenda kwake, na muda si mrefu hapakuwa na haja ya kukataza, kwa sababu mradi uliisha na chumba kikapewa wengine. Docta aliendelea kuja kwa muda mfupi, akakaa na watu nyuma ya jengo kwenye mkeka uleule, kisha goti likamshinda. Mama alirudi kuyumba. Akaacha kuegemea. Akarudi kulala kifudifudi.

Nilikwenda Lilongwe kumtafuta. Nilikuwa na hotuba kichwani, nimeipanga vizuri, ina sehemu tatu. Nyumba yake kule Nsungwi nilioneshwa na mwanamke anayeuza nyanya, "kwa agogo wa radio," bibi wa redio, akasema, nami nikajua kwa nini kabla ya kufika. Redio ilikuwa inapiga kelele hadi njiani. Huyu ndiye aliyekaa kimya na watu saa nzima. Alikuwa kibarazani, kwenye kiti, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Sikuwahi kumwona kwenye kiti. Alikuwa amepungua sana.

"Karibu, papa. Mama anasemaje?"

Hotuba ilipotea. Nilisema, "Umetuharibia."

"Eh. Endelea."

"Sasa hivi tungekuwa tunangoja ndege. Tulikuwa na kila kitu. Ulimfundisha kusema ile kitu, akaisema pale ambapo haisemwi!"

"Sikumufundisha."

"Ulimwachia! Ni sawasawa."

Alifikiri. "Inaweza kuwa sawasawa," akasema. "Sikumuuliza siku ya mahojiano ni lini. Nilipaswa kumuuliza. Hiyo ni yangu."

Nilikuwa nimekuja kugombana na mtu atakayejitetea. Nikabaki nimesimama. Akanyoosha mkono akapunguza redio. Kisha akashika koo. "Toka umefika, pumuzi yangu inaishia hapa. Ni yangu ao ni yako?"

"Ni yako!" nikamwambia. "Umezeeka!"

"Labda ni ivyo," akasema, na akacheka kidogo, kicheko cha kweli, kilichomletea kikohozi. "Lakini na weye haupumue."

Sijui ni kicheko chake kilichonilegeza ama ni nini. Nilikaa kwenye saruji, pembeni yake, tukitazama njia. Nikamwambia kitu ambacho hakikuwa kwenye kurasa kumi na moja wala kwenye kaye yoyote. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa mbele, mimi nyuma, na mguu mmoja wa mdogo wangu ulikuwa umetoka nje ya kitenge, uko usawa wa macho yangu. Mtoto aliyelala, mguu wake unaning'inia lakini kuna kitu ndani yake. Ule asubuhi ile ulikuwa unaning'inia bila kitu. Niliutazama siku ile nzima na iliyofuata. Nilijua.

"Na ulifanya nini?" Docta akauliza.

"Nilitembea."

"Haukumuambia mama."

"Angesimama."

Alikubali kwa kichwa. Hakusema nilikuwa mtoto, hakusema si kosa langu. Mbele yetu watoto wa jirani walikuwa wanasukuma tairi, na nilisikia nyayo zangu zinauma kwa jinsi nilivyozikandamiza kwenye saruji.

"Na kaburi?" akauliza baadaye. "Kwa sababu gani uliandika kaburi?"

"Nilitaka liwepo."

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoliandika mara ya kwanza, kwenye faili. Kwenye karatasi za kwanza, tulipoandikishwa, mama alikuwa amesema neno moja, kwamba mtoto alikufa njiani. Mimi nikaongeza homa, kitanda cha kituo, muuguzi, kaburi. Nilijiambia ni kwa ajili ya faili, maelezo yawe kamili. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nililia nilipomaliza ule ukurasa, na kwamba ndio ulionipendeza kuliko yote.

Docta aliniomba nimletee karatasi iliyokuwa ndani, juu ya meza. Nikamletea. Akaandika muda mrefu kuliko mistari yenyewe. "Unajua siandikake barua," akasema, kama mwenye kulalamika. Akanipa. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu na sahihi. Ilisema kwamba mama huyu alimbeba mtoto wake aliyekufa na hakuna kaburi. Ilisema kwamba anasema kweli na akili yake ni nzima. Mstari wa mwisho ulisema kwamba aliyesema kuna kaburi si yeye.

Nilielewa mara moja. Nikiipeleka, nitakuwa nimejitaja. Na watu wote niliowapangia maelezo kambini, jina langu likishuka, na yao yatatazamwa upya.

"Umusomee mama yako kwanza," akasema. "Ni yake. Akikatala, uichome."

"Na nikipeleka, kesi itafunguliwa?"

"Sijui. Naona hapana."

"Mama atapona?"

"Siwezi kukudanganya. Ilikuwa imeanza, tukaikata. Kuanza tena ni nguvu, na mi sina goti. Naona hapana. Hapana yote."

"Sasa Dzaleka ulikuja kufanya nini?" Nilimuuliza kwa ubaya, nakiri.

"Nilikuya kusimama naye," akasema. Akaongeza sauti ya redio. Nikaelewa kwamba amechoka na niondoke. Nilipofika njiani nilikumbuka sikumshukuru, nikaogopa kurudi, na sijarudi mpaka leo. Mwenye nyanya aliniambia baadaye kwamba amehamia kwa jamaa upande wa Nathenje, nyumba haijulikani.

Barua nilikaa nayo wiki tatu. Kisha nilimsomea mama, nikigeuza polepole, mstari kwa mstari, bila kupamba. Alikuwa amesimama mlangoni, anayumba. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho akauliza, "Ni weye?"

"Ni mimi, mama."

"Uliandika kaburi iko wapi?"

"Chini ya kituo, pembeni ya barabara."

"Kulikuwa kivuli?"

"Sikuandika kivuli."

Sikumwambia habari za mguu. Nilitaka, lakini sikuweza, na sijui kama anajua nilichokiona. Mwisho akasema, "Peleka."

Nilipeleka. Nilimwambia ofisa, tena kwa kinywa changu, nani aliandika nini. Alichukua karatasi, akaniandikia namba, akasema tungoje. Hakuna kilichokuja. Majirani wawili hawanisalimii, na wana haki. Siandikii tena mtu maelezo. Mama bado anayumba kwenye foleni ya maji, na wanawake bado wanamwambia mtoto amelala. Kilichobadilika ni kwamba mama akiulizwa jambo, mimi nanyamaza, anajibu mwenyewe.